Mafolda yaliyojificha kwenye flashi na eksteno: yapi ya mfumo, yapi virusi, yapi yanakula nafasi?

MamaSteshenari (Masasi)

Wakuu, habari za saa hizi. Nina steshenari hapa Masasi mjini, kompyuta mbili, moja Windows 10 na nyingine Windows 11. Msimu wa korosho ndio huu, makarani wa AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima) wanaleta flashi kuchapisha orodha za wakulima tangu asubuhi mpaka giza linaingia. Kesi ni ile ile kila siku: mteja anafika kwake, anafungua flashi, anakuta folda ambayo hakuiweka yeye, System Volume Information. Basi, "mmenitia virusi".

Wiki hii nimeandika majina yote niliyoyakuta kwenye vifaa vya wateja: System Volume Information, $RECYCLE.BIN, RECYCLER, FOUND.000, LOST.DIR, .Spotlight-V100, .fseventsd, .Trashes, .Trash-1000, na moja yenye jina refu la herufi na namba zisizosomeka.

Maswali yangu:

Lipi nifute na lipi niliache?

Kuna eksteno (diski ya nje) ya 1TB, NTFS (namna moja ya kupanga mafaili kwenye diski; nyingine ni FAT32 na exFAT). Nikichagua kila kinachoonekana na kuangalia ukubwa napata GB 540. Windows yenyewe inasema zimetumika GB 760. Hizo 220 ziko wapi?

Kuna flashi ambazo mafolda yamegeuka shotikati. Nikipiga attrib vitu vya mteja vinarudi, lakini papo hapo yanatokea na hayo mafolda mengine. Ni attrib ndiyo inayaleta?

Kufomati sitaki, ni data za watu.

---

fundi_Nachingwea

Mama Steshenari, nianze na swali la mwisho maana ndilo linalokuletea kesi.

Attrib haileti folda yoyote. Kazi yake ni kubandika na kubandua alama. Kila faili na kila folda kwenye Windows huweza kuwa na alama: H ni ya kufichwa, S ni ya mfumo, R ni ya kusomwa tu. System Volume Information inazaliwa na H na S, ndiyo maana mteja haioni kwake. Virusi vya shotikati navyo vinayabandika mafolda ya mteja H na S hizo hizo. Sasa ukipiga ile komandi ambayo watu wanarithishana (E ni herufi ya kifaa, wewe weka ya kwako),

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

umebandua kwa wote. Barua za mteja zimerudi, na folda ya mfumo nayo imevuliwa nguo hadharani. Mteja anaiona kwa mara ya kwanza akitoka kwako, wakati pengine imo humo tangu siku aliyoinunua flashi na kuichomeka kwenye kompyuta ya kwanza.

Lenga folda ya mteja peke yake. Kwanza angalia kilichomo:

dir /a E:\

Kisha, kama folda yake inaitwa Orodha:

attrib -s -h -r "E:\Orodha"
attrib -s -h -r "E:\Orodha\*" /s /d

Mstari wa kwanza ni wa folda yenyewe, wa pili ni wa vilivyomo ndani. Na -s lazima iende pamoja na -h. Ukiandika -h peke yake kwenye kitu chenye alama ya S utajibiwa "Not resetting system file" na hakuna kitakachobadilika. Ndiyo sababu pia ukienda Properties unakuta kisanduku cha Hidden kimefifia, hakibonyezeki.

Kama ulishaifunua ya mfumo kwenye flashi, irudishe mafichoni:

attrib +s +h "E:\System Volume Information"

Sasa ndani yake kuna nini. Kwenye flashi ya FAT32 au exFAT iliyochomekwa kwenye Windows 8 na zilizofuata, kwa kawaida utakuta mafaili mawili tu: IndexerVolumeGuid yenye baiti 76 na WPSettings.dat yenye baiti 12. La kwanza ni kitambulisho ambacho huduma ya utafutaji ya Windows inakipa kifaa ili ikitambue kikirudi. Ni herufi 38 pamoja na mabano yake mawili, kila herufi baiti 2, jumla 76. Mteja mbishi mfungulie hilo faili kwa Notepad, aone mstari mmoja wa namba na herufi ndani ya mabano. Inamaliza ubishi haraka kuliko maelezo.

Nafasi inayoliwa haifiki hata picha moja ya simu. Flashi ya GB 32 yenye FAT32 hugawanywa vipande vya KB 16, na kila faili, hata la baiti 12, linachukua kipande kizima. Folda yenyewe na mafaili yake mawili ni vipande vitatu, KB 48.

Kuifuta kwenye FAT32 na exFAT unaweza, haina walinzi. Lakini ukichomeka tena Windows inaiumba upya, kwa hiyo ni kutwanga maji kwenye kinu. Kwenye NTFS utakataliwa, "Access is denied", hata ukiwa msimamizi. Usilazimishe kwa takeown, ile komandi ya kujitwalia umiliki wa folda. Humo ndimo Windows inaweka nakala za kurudishia mfumo, na ukizing'oa kwa nguvu hesabu za diski zinavurugika. Kuna mlango wake halali, atakayejibu la eksteno ataufikia.

RECYCLER sio $RECYCLE.BIN. RECYCLER ni jina la enzi za Windows XP. Tangu Vista jina ni $RECYCLE.BIN. Flashi ya leo ikiwa na RECYCLER, iwekee shaka, hasa ukikuta ndani yake kuna .exe, .vbs au .dll. Hata XP yenyewe ilikuwa haiweki kapu la taka kwenye flashi.

---

Mikindani_Data

Mimi nichukue hizo GB 220.

Kwenye flashi nyingi ukifuta kitu kimekwenda moja kwa moja. Eksteno ni tofauti: Windows inaihesabu kama diski ya kudumu na kuiwekea kapu lake la taka, $RECYCLE.BIN, juu ya eksteno yenyewe. Ndani ya kapu kila mtumiaji wa kila kompyuta ana folda yake, jina linaanza na S-1-5-21 na kuishia na namba kama 1001. Hicho ni kitambulisho cha akaunti, na akaunti ya kompyuta ya Newala sio akaunti ya kompyuta yako hata kama zote zinaitwa "User".

Mchezo unaanzia hapo. Mtu anafuta sinema zake akiwa Newala, hamwagi kapu, anakuletea eksteno Masasi. Wewe ukifungua Recycle Bin kwako unaonyeshwa taka zako tu. Za Newala huzioni, ukibonyeza Empty haziguswi, lakini nafasi zimekalia. Kila akaunti ina kikomo, karibu asilimia 5 ya diski kubwa, kwa 1TB ni kama GB 48. Diski iliyozunguka kompyuta nne tano inaweza kubeba zaidi ya GB 100 za taka za watu waliokwishasahau.

Tafuta CMD (dirisha la kuandikia komandi), bonyeza kulia uchague Run as administrator, kisha:

dir /s /a "E:\$RECYCLE.BIN"

Subiri mwisho kabisa, jumla iko chini ya Total Files Listed. Ukishaona na mwenye mali ameridhia:

rd /s /q "E:\$RECYCLE.BIN"

Inafuta makapu ya watu wote kwa mkupuo na hakuna kurudi nyuma. Windows itaumba kapu jipya tupu, hilo ni la kawaida.

Angalizo kubwa: komandi hizi ni za CMD, sio za PowerShell. Windows 11 ukibonyeza kulia na kuchagua Open in Terminal mara nyingi inakufungulia PowerShell, ambayo alama ya dola inaisoma kama mwanzo wa kigeu. "$RECYCLE" kwake ni kitu kisicho na thamani, kwa hiyo njia uliyoandika inageuka kuwa E:\.BIN. Ukiona mstari unaanza na PS, andika cmd, bonyeza Enter, ndipo uendelee.

Kabla ya kumwaga, kama mteja anasema "kuna orodha nilifuta kwa bahati mbaya", chungulia kwenye hizo folda za S-1-5-21. Kila kilichofutwa kina mafaili mawili pacha, mfano $I7KQ2MB.xlsx na $R7KQ2MB.xlsx. La $R ndilo faili lenyewe, zima kabisa. Nakili, badilisha jina, fungua. La $I ni dogo, limebeba jina la zamani na mahali lilipokuwa, ukilifungua kwa Notepad njia inasomeka japo herufi zimeachana achana.

Mtuhumiwa wa pili ni hiyo .Trash-1000. Hiyo ni ya Linux, Ubuntu na ndugu zake. 1000 ni namba ya mtumiaji wa kwanza wa kompyuta ile. Ndani kuna files na info: kwenye files vitu vimekaa kwa majina yake yale yale, kwenye info kuna vijifaili vya .trashinfo vyenye mstari wa Path na wa DeletionDate, vinakwambia kilikuwa wapi na kilifutwa lini. Kapu hili siyo la Windows, kwa hiyo kile kikomo cha asilimia 5 hakilihusu. Mhariri wa video anaweza kulijaza mpaka pomoni.

Wa tatu ni System Volume Information. Kwenye NTFS dir haitakupa ukubwa wake. Uliza hivi, CMD ya msimamizi vile vile:

vssadmin list shadowstorage

Tafuta aya yenye herufi ya eksteno, soma mstari wa Used. Kwa kawaida eksteno haina kitu hapo, isipokuwa kama kuna mtu aliwasha System Protection juu yake. Mlango halali aliousema fundi ni huu: bonyeza Windows na R pamoja, andika SystemPropertiesProtection, chagua diski, Configure, halafu Delete. Herufi ya diski isome mara mbili. Ukikosea ukachagua C umefuta nakala za kompyuta yako.

Folda ya jina refu lisilosomeka: visakinishi kadhaa vya Windows hutafuta diski yenye nafasi kubwa kuliko zote ili vifungulie mizigo hapo. Eksteno ikiwa imechomekwa wakati huo, inachaguliwa yeye. Kazi ikiisha folda ilipaswa kufutwa, mara nyingine inabaki. Kama tarehe yake ni ya zamani na ndani kuna mabaki ya usakinishaji, futa.

---

Subufa_Lindi

Naongezea za Mac, maana zinasumbua hata watu wa redio za magari na subufa.

.Spotlight-V100 ni faharasa ya utafutaji ya Mac. .fseventsd ni daftari la mabadiliko ya mafaili. .Trashes ni kapu la taka, na hili ndilo la kuangalia: mtu wa Mac akifuta kitu kwenye flashi, kimehamia humo tu, nafasi haijarudi. Ndio wale wanaokuja na flashi "tupu" iliyojaa. Aidha amwage Trash kwenye Mac flashi ikiwa imechomekwa, au wewe uifute folda .Trashes kwenye Windows. Hizi zote tatu unafuta bila hofu, Mac itaziumba tena ikizihitaji.

Kero zaidi ni vijifaili vinavyoanza na nukta na mstari wa chini. Flashi ya FAT32 au exFAT haina mahali pa kuweka maelezo ya ziada ya Mac, kwa hiyo Mac inayaweka kwenye faili la pembeni. Singeli.mp3 inazaa ._Singeli.mp3 yenye KB 4. Redio ya gari haijui habari za kufichwa, inaona mwisho ni .mp3 inalihesabu kuwa ni wimbo. Umeweka nyimbo 200, kioo kinaandika 400, na kila baada ya wimbo inakwama kidogo au inaruka.

Kwenye Windows anza kwa kuangalia:

dir /s /a E:\._*

Ukiridhika kwamba kila jina linaanza hivyo na ni dogo:

del /s /q /a E:\._*

Kwenye Mac yenyewe ni dot_clean -m /Volumes/ ikifuatiwa na jina la flashi. Fanya hivyo mwisho kabisa, toa flashi kwa Eject, usiirudishe kwenye Mac.

Redio nyingine zinahesabu hata System Volume Information kama albamu tupu. Zima gari, tulia, haina madhara.

---

Kilwa_Masoko_IT

LOST.DIR na FOUND.000 zimeachwa, nami nasema hizo ndizo zisifutwe kwa pupa. Zote mbili ni vyumba vya majeruhi.

LOST.DIR inaumbwa na Android kwenye memori kadi. FOUND.000 inatokana na chkdsk, komandi ya Windows ya kukagua diski. FAT32 na exFAT hazina daftari la kumbukumbu kama NTFS. Flashi ikichomolewa katikati ya kuandika, umeme ukikatika, simu ikizimika chaji, au mguso ukiyumba, faili linakuwa limeandikwa nusu: vipande vipo, jina hakuna. Huku kwetu pwani chumvi inakula miguso ya flashi taratibu, ukiitikisa kidogo inakatika na kurudi, kwa hiyo flashi ya namna hiyo inazaa FOUND kila mara. Futa mguso kwa kitambaa chenye spiriti, ukauke kwanza ndipo uchomeke.

Kikiokotwa kipande kisicho na jina, Android inakiweka LOST.DIR kwa namba tupu, na chkdsk inakiita FILE0000.CHK, FILE0001.CHK na kuendelea. Vingine ni makapi, vingine ni picha nzima ya harusi. Kujua kipi ni kipi, nakili folda nzima kwenye kompyuta, fungua kila kimoja kwa Notepad na usome herufi za mwanzo tu:

ÿØÿ ni picha ya jpg. %PDF inajieleza yenyewe. PK ni docx, xlsx au zip. ÐÏ ni doc au xls za zamani. ID3 ni mp3. Ukiona ftyp baada ya herufi nne za mwanzo ni video ya mp4, au 3gp kama simu ni ya zamani.

Funga bila kuhifadhi, badilisha jina umpe mwisho wake, jaribu kufungua. Ukihifadhi kwa Notepad umeliua faili. Za PK jaribu kwanza .docx, ikikataa .xlsx.

Na chkdsk E: iendesheni bila /f kwanza, inaripoti tu. Ukiweka /f inaandika juu ya diski, na kama diski yenyewe inakufa unaweza kupoteza zaidi. Nakili kwanza kinachonakilika.

---

MamaSteshenari (Masasi)

Nawashukuru sana wakuu. Eksteno: $RECYCLE.BIN imetoa GB 91, mafolda matatu ya S-1-5-21. .Trash-1000 ina GB 118. Vssadmin inasema GB 11 kwenye E. Imekaa sawa kabisa, jumla 220. Mwenyewe nimempigia, amesema kwenye .Trash-1000 kuna kazi anazitaka, kwa hiyo namsubiri aje achague.

Sasa flashi ya shotikati, GB 16, FAT32. dir /a inanionyesha hivi: shotikati moja yenye jina la flashi yenyewe, System Volume Information, na folda moja isiyo na jina. Kwenye mstari wake kuna <DIR> halafu patupu. Nafasi iliyotumika ni GB 9, kwa hiyo vitu vipo. Attrib siwezi kuilenga kwa sababu sijui niandike jina gani.

---

fundi_Nachingwea

Jina lipo. Ni herufi moja ya nafasi, ila sio nafasi ya kitufe kirefu cha kibodi. Ni nyingine inayofanana nayo kwa macho, ndiyo maana ukiandika nafasi ya kawaida unaambiwa hakuna folda kama hiyo. Kirusi kimehamishia vitu vyote vya mteja humo, kikaificha, kikaacha shotikati moja nje ili mtu aibonyeze.

Usiibonyeze. Bonyeza kulia, Properties, soma Target. Shotikati ya kweli inaelekeza kwenye faili au folda. Hii utaona cmd.exe, wscript.exe au rundll32.exe ikifuatiwa na jina la ajabu. Ukiifungua, mara moja inafungua hiyo folda ili usishtuke na chini kwa chini inajipandikiza kwenye kompyuta, na kila flashi itakayofuata itapata yake.

Kwa FAT32 tumia majina mafupi:

dir /a /x E:\

Kutaongezeka safu ya jina fupi. Folda yako itakuwa na jina lenye ~1 hapo, tuseme ni ABCD~1, wewe uweke lako:

attrib -s -h -r E:\ABCD~1
ren E:\ABCD~1 ZA_MTEJA

Flashi ikiwa exFAT hakuna majina mafupi. Hapo washa kuonyesha vilivyofichwa: kwenye Windows 10 ni View kisha Options, kwenye 11 ni vinukta vitatu kisha Options. Kichupo cha View, chagua Show hidden files, folders, and drives, na uondoe tiki kwenye Hide protected operating system files. Watu wengi wanafanya la kwanza wanasahau la pili, wanadhani hakuna kitu. Folda itaonekana imefifia bila jina, bofya F2 uipe jina. Ukimaliza rudisha tiki, vinginevyo utaanza kuona desktop.ini kila kona ya kompyuta.

Ndani ya ZA_MTEJA futa kila .vbs, .js, .lnk, .inf na .exe ambayo mteja haitambui. Washa File name extensions kwanza, kwa sababu kuna .exe zinazovaa sura ya folda ya njano, na bila miisho ya majina huwezi kuzitofautisha. Folda haina .exe mwisho.

Ukimaliza flashi, geukia kompyuta. Task Manager, kichupo cha Details, tafuta wscript.exe, ndiyo inayoendesha mafaili ya .vbs na .js. Steshenari ya kawaida haina sababu ya kuwa nayo. Iue, kisha Windows na R, andika shell:startup, angalia kilichowekwa humo. Halafu skani kamili ya Microsoft Defender. Ukiruka hatua hii, unasafisha flashi ya mtu na kompyuta inaichafua kabla hajaichomoa.

---

Subufa_Lindi

Kwa hii System Volume Information kuna ujanja: ifute kwenye flashi, halafu uumbe faili, sio folda, lenye jina hilo hilo. Windows ikija haiwezi kuweka folda mahali penye faili la jina moja, inaacha.

echo. > "E:\System Volume Information"
attrib +s +h +r "E:\System Volume Information"

Kwa flashi za redio inafanya kazi vizuri.

---

Mikindani_Data

Inafanya kazi, lakini kwa flashi ya mteja mimi nasema hapana. Umeondoa KB 48 ukaacha kitu ambacho fundi mwingine akikikuta atakiita kirusi, maana folda ya kweli ya jina hilo inajulikana, faili la jina hilo halijulikani. Flashi yako mwenyewe ya muziki, sawa.

Kwa Mama Steshenari dawa ni kuizuia kompyuta isiandike kabisa. Kwa kuwa una mbili, moja iwe ya kuchapisha tu. CMD ya msimamizi:

reg add HKLM\SYSTEM\CurrentControlSet\Control\StorageDevicePolicies /v WriteProtect /t REG_DWORD /d 1 /f

Chomoa flashi, uchomeke upya. Kuanzia hapo kifaa chochote cha USB kinasomwa tu. System Volume Information haiumbwi, na kirusi kikiwa kimeshaingia kwenye kompyuta hakipati pa kuandika. Kurudisha ni komandi ile ile, 1 iwe 0. Mashine ya pili iache wazi kwa wanaotaka kuwekewa skani, na hiyo ndiyo uilinde kama mboni ya jicho.

Haizuii kirusi kutoka kwenye flashi kuja kwenye kompyuta. Hilo liko mkononi mwa anayebonyeza shotikati.

Asiyetaka kugusa rejista anunue adapta ya memori kadi yenye kitufe cha Lock pembeni, aweke hati zake humo. Ajaribu kunakili kitu kwanza, kwa sababu kitufe hicho kinaomba tu, anayetii au kukataa ni kisomaji.

---

MamaSteshenari (Masasi)

Nimeweka WriteProtect kwenye ile ya Windows 10. Flashi mpya niliyoifomati haikupata folda yoyote. ABCD~1 nayo imekubali, kwangu ilikuwa jina jingine lakini safu niliiona, GB 9 zote zimo.

Mambo mawili. Word sasa inafungua hati za mteja ikiandika Read-Only juu, ni sawa? Na kwenye ile mashine nyingine kuna mteja ana faili lililofifia, ~$rua ya AMCOS.docx, halifunguki.

---

fundi_Nachingwea

Read-Only ni sawa, inachapisha kama kawaida. Mteja akitaka kurekebisha, nakili hati kwenye Desktop, rekebisha hapo, chapisha, futa. Akitaka kuondoka na marekebisho, mtumie kwa barua pepe au hamia mashine ya pili.

Hilo la ~$ ni alama ya Word kwamba hati imefunguliwa na nani. Ni baiti 162, jina linatokana na hati yenyewe herufi mbili za mwanzo zikiliwa: Barua ya AMCOS imekuwa ~$rua ya AMCOS. Word ikifungwa vizuri inaliondoa yenyewe. Hapo flashi ilichomolewa hati ikiwa bado wazi. Hakikisha Barua ya AMCOS.docx yenyewe inafunguka, kisha ulifute. Na muulize kama mara ya mwisho alihifadhi kabla ya kuchomoa, maana ikiwa hakuhifadhi, marekebisho hayako kwenye hilo faili la baiti 162. Yatafute kwenye kompyuta aliyoandikia: Word, File, Info, Manage Document, Recover Unsaved Documents.